Mabua Kwanza, Pumba Baadaye

Ifikapo Agosti, malisho ya Shinyanga, Kahama na Geita huwa yamekwisha, na ng'ombe hugeukia mabua ya mahindi na mtama. Mbavu zikianza kuonekana, mfugaji hukimbilia mashineni kununua pumba za mahindi. Wengine humwaga horini michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyobunguliwa. Nia ni njema, lakini mara nyingi mabua husazwa, kinyesi hulainika, na mnyama hanenepi.

Sababu iko tumboni. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi za bua. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, fangasi na protozoa wanaoishi kwenye tumbo lake la kwanza, na tindikali wanazozalisha ndizo chanzo chake kikuu cha nguvu. Bakteria wa nyuzinyuzi, wakiwemo Fibrobacter na Ruminococcus, hufanya kazi polepole na hawavumilii uchachu. Wanga hushughulikiwa na kundi jingine, lenye kasi. Kundi hilo likishushiwa ndoo nzima ya pumba kwa mara moja, tindikali hupanda. pH ikipungua chini ya 6.2 hivi, bakteria wa nyuzinyuzi hulegea, na ikishuka chini ya 6 hukaribia kusimama kabisa. Mate yanayomiminika mnyama anapocheua hupoza uchachu huo, ila pumba hazimcheushi kama bua.

Kuna pia njaa ya protini, ambayo wengi huisahau. Mabua makavu ya mahindi yana protini kama asilimia 3 hadi 5, ilhali vijidudu huhitaji mlo wenye asilimia 7 hivi. Wanga ukiongezwa peke yake, bakteria wake hunyakua naitrojeni kidogo iliyopo, na wale wa nyuzinyuzi hubaki mikono mitupu.

Usukuma una bahati hapa, kwa kuwa ni nchi ya pamba. Mashudu yake huwapa vijidudu protini wanayoikosa kwenye mabua, na kilo moja ya mashudu mara nyingi humfaa ng'ombe wa mabua kuliko kilo moja ya michembe. Nyasi za ngitili, hifadhi za malisho zilizofufuliwa na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, nazo ni bora kuliko mabua matupu.

Kwa dume la kilo 250, chakula cha wanga kisizidi kilo 1 hivi kwa siku, kigawanywe asubuhi na jioni baada ya mabua, na kianze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Anayenenepesha kwa ajili ya bucha za miji ya machimbo hulisha zaidi ya hapo, lakini huyo hategemei tena mabua, na anahitaji ushauri wa karibu.

Ng'ombe akivamia magunia ya nafaka, kisha akaacha kucheua, akavimba ubavu wa kushoto au akaharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu, anyimwe nafaka na pumba, apewe nyasi kavu, na ofisa mifugo wa kata aitwe siku hiyo hiyo.