Kiazi cha Ufipa na kijiko cha chumvi

Safari hii hatuhitaji maabara. Tunahitaji kiazi mviringo kimoja, na hapa Milanzi, kama ilivyo kote Ufipa, kiazi si kitu cha kuhangaikia.

Kwanza nikupe kisa changu. Nilipokuwa kidato cha pili, mdogo wangu alishikwa na kuharisha. Nyumbani hapakuwa na pakiti ya ORS, lakini si mimi ndiye msomi? Nikachemsha maji, nikatia sukari, na chumvi nikamimina kwa kukadiria tu. Nilidhani dawa ikikolea ndiyo inaponya haraka. Mtoto akanywa kidogo, akatapika. Bibi akaonja, akatema pale pale: "Mjukuu wangu, unataka kumkausha mwenzio kama samaki wa Kasanga?"

Tulicheka baadaye, mtoto alipopona. Lakini bibi, ambaye hakuwahi kukaa kwenye somo la biolojia, alikuwa ameeleza osmosisi vizuri kuliko daftari langu. Hebu tumhakikishe.

Menya kiazi kibichi, kata vijiti vinne vyenye urefu wa sentimita 5 na unene wa penseli. Ganda lisibaki hata kidogo, maana linazuia maji. Kijiti kimoja kichemshe dakika tano, kiache kipoe, kisha ukipime tena. Sasa chukua glasi nne. Ya kwanza iwe na maji matupu. Ya pili iwe na ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyosema. Ya tatu tia robo lita ya maji na kijiko cha chai cha chumvi, kilichojaa. Ya nne ni maji matupu tena, humo weka kile kilichochemshwa. Vibichi vitatu vigawe kwenye glasi zilizobaki.

Subiri angalau saa moja. Kwa baridi ya Sumbawanga ya Juni na Julai ni afadhali usubiri mpaka baada ya chakula cha mchana, kwa sababu baridi inapunguza mwendo wa maji. Kisha futa kila kijiti kwa kitambaa, pima kwa rula, ukipinde kidogo kwa vidole. (Usivile, na hizo glasi usizinywe!)

Cha maji matupu kitakuwa kigumu, kinakatika "ka!", na pengine kimerefuka milimita moja au mbili. Cha maji ya chumvi kimefupika na kulegea kama mkanda. Cha ORS hakikubadilika sana. Kile cha kuchemsha hakikakamai hata ukikiacha mpaka kesho.

Kwa nini? Kila seli ya kiazi imezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi lakini unazuia chumvi na sukari. Maji hutoka upande ambako yako mengi, kwenda upande ambako chumvi au sukari imezidi. Hiyo ndiyo osmosisi. Katika glasi ya tatu chumvi ya nje iliizidi ya ndani, kwa hiyo maji yakatoka. Kwenye kijiti cha kuchemsha moto uliharibu utando, basi hakuna tena wa kuzuia chochote.

Seli zako nazo zina utando, ila hazina ule ukuta mgumu wa seli za mmea. Chembe nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji matupu inavimba mpaka inapasuka. Ndiyo maana dripu ya chumvi hospitalini haiwi maji matupu, bali huwa na gramu 9 za chumvi kwa lita.

Turudi kwa yule mtoto. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo hupokea sukari na chumvi kwa pamoja, na vikiingia, maji huvifuata. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwapa mchanganyiko huo wakimbizi wa Bangladesh waliougua kipindupindu huko Bangaon, India, na vifo vikapungua sana. Lakini chumvi ikizidi, utumbo unakuwa kama glasi yetu ya tatu: maji yanavutwa kutoka mwilini kuingia tumboni, kuharisha kunaongezeka, na chumvi ikijaa kwenye damu, seli za ubongo zinanywea. Mtoto anaweza kupata degedege. Hata mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza mkolezo wa ORS kutoka miliosmoli 311 kwa lita hadi 245, kwa sababu wa zamani ulikuwa mkali kidogo.

Kwa hiyo pakiti ya lita moja isichanganywe na nusu lita eti ikolee. Soma maandishi yake. Kama pakiti hakuna, maji safi lita moja (chupa mbili za nusu lita), vijiko vya chai sita vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo, na ikipita siku moja imwage utengeneze nyingine. Mtoto apewe na vidonge vya zinki kutoka zahanati, siku 10 hadi 14. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, au choo ni kama maji ya mchele, usingoje. Mpeleke huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Swali la nyumbani: wengi humpa anayeharisha soda. Acha soda itoke gesi, weka kijiti kipya humo, pima baada ya saa moja, halafu jibu mwenyewe kama inafaa.