Lehemu Mwilini: Tuijue, Tuipime, Tuidhibiti

 

Katika stoo ya jiko letu kuna madumu ya mafuta ya kupikia ya lita 20. Lebo yake inatangaza kwa herufi kubwa kwamba mafuta hayo hayana lehemu, ile ambayo wengi tunaiita kolesteroli. Tulikuwa tukiisoma lebo hiyo na kuridhika. Hoja yetu ilikuwa hivi: mafuta haya hayana lehemu, kwa hiyo hayawezi kutuongezea lehemu. Sisi tunaosoma mantiki tulipaswa kushtuka mapema. Hoja hiyo imebeba dai lililojificha, kwamba lehemu yote iliyo katika damu inatoka kwenye chakula. Dai hilo si kweli.

Tulishtuka siku padre aliyekuwa mlezi wetu alipopata kiharusi. Hakuwa mnene, wala hakuwahi kulalamika. Hospitalini walikuta lehemu yake iko juu sana, naye mwenyewe anatuambia kwamba hakuwahi kuipima hata mara moja. Leo anaadhimisha Misa akiwa ameketi, na mwenzake humsaidia kuinua kikombe. Kwa ajili yake tumeona vema tujifunze jambo hili pamoja.

Lehemu ni nini?

Lehemu ni kitu cha jamii ya mafuta, mfano wa nta, kilichomo katika kila seli ya mwili wetu. Kwa asili yake si adui. Mwili huitumia kujenga kuta za seli na kutengeneza nyongo, vitamini D na baadhi ya homoni. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa na ini. Ndiyo maana hata mtu asiyegusa nyama anayo.

Mafuta na maji havichangamani, hivyo lehemu husafiri katika damu ikiwa imebebwa ndani ya vifurushi vya mafuta na protini. Vifurushi viitwavyo LDL huipeleka sehemu mbalimbali za mwili. Vikizidi, hupenya kwenye ukuta wa mshipa na kujenga utando unaokua polepole kwa miaka mingi. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Ikitokea kwenye moyo, ni shambulio la moyo. Ikitokea kwenye ubongo, ni kiharusi. Vifurushi vya HDL hukusanya lehemu ya ziada na kuirudisha kwenye ini. Kwa hiyo tunaposema "lehemu mbaya" na "lehemu nzuri", lehemu ni ileile. Kinachotofautiana ni mbebaji.

Tulikosea wapi?

Lebo haikusema uongo. Lehemu hupatikana katika vyakula vya wanyama: nyama, maini, kiini cha yai, maziwa, samli. Mafuta ya mimea kwa kawaida hayana. Kosa lilikuwa katika hitimisho letu.

Ini lina kama milango inayokamata LDL na kuitoa katika damu. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kugundua kazi ya milango hiyo. Tukila kwa wingi mafuta mgando, yaani yenye asili ya kuganda kwenye baridi, milango hupungua na LDL hubaki nyingi katika damu. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina hiyo. Ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Ya alizeti ni kama asilimia 11 tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta mgando yasizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata katika chakula cha siku.

Hoja nyingine mbili tuzikatae. Ya kwanza: "Mimi ni mwembamba, kwa hiyo niko salama." Wapo wanaorithi lehemu nyingi tangu kuzaliwa, takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300, bila kujali umbo. Ya pili: "Sijisikii vibaya, kwa hiyo ni mzima." Lehemu iliyozidi kwa kawaida haina dalili. Hujulikana kwa kupima damu.

Namba za kukumbuka

Kwa kipimo cha milimoli kwa lita, watu wazima wengi hushauriwa hivi:

- Lehemu ya jumla: chini ya 5.2.
- LDL: chini ya 3.4. Kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, daktari huweka kiwango cha chini zaidi.
- HDL: zaidi ya 1.0 kwa mwanaume, na zaidi ya 1.3 kwa mwanamke.

Daktari hazisomi namba hizi peke yake. Huangalia pia umri, shinikizo la damu, sukari na uvutaji wa sigara.

Tufanye nini?

1. Tupunguze mafuta yote, na tukiweza tuchague ya alizeti. Tuchemshe zaidi kuliko kukaanga.
2. Tule maharage, kunde, mboga za majani na ugali wa dona. Nyuzinyuzi za vyakula hivi, hasa maharage na kunde, hunasa nyongo tumboni, na ini hulazimika kuchukua lehemu kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyongo nyingine.
3. Tutembee, tulime, tucheze mpira: angalau dakika 150 kwa wiki.
4. Tuache sigara.
5. Aliyeandikiwa dawa aitumie, asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Hakuna ushahidi kwamba maji ya limau huyeyusha utando ndani ya mishipa.

Fadhila ya kiasi

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaihesabu kiasi kati ya fadhila kuu nne. Kuwa na kiasi si kukichukia chakula, bali ni kukipokea kwa kuongozwa na akili. Ijumaa za Kwaresima tunaacha nyama, kisha tunajaza sahani viazi vilivyoelea kwenye mafuta. Sheria tumeitimiza, lakini je, tumejinyima? Waamini nao wanapotualika hutuonyesha upendo kwa minofu mikubwa. Tujifunze kushukuru kwa moyo wote na kupakua kidogo. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nasi tunautunza ili tuweze kuwatumikia watu kwa muda mrefu.

Hatukuweza kuyaondoa madumu yetu, maana alizeti ni ghali kuliko bajeti ya jiko. Tulianza na jambo dogo: mafuta sasa yanapimwa kwa kijiko, hayamiminwi kutoka kwenye dumu. Maharage yamekuwa mepesi zaidi, na tumeyazoea.

Maswali ya kutafakari

1. Ni lini mara ya mwisho ulipima lehemu yako, au wazazi wako walipima yao?
2. Nyumbani kwenu, mafuta yanapimwa au yanamiminwa?

Mungu atujalie afya njema, na busara ya kuitunza.