Maji ya Kunywa Safarini Ziwani

Ukiishi kando ya ziwa huko Bukoba au Muleba, mtumbwi ni chombo chako cha safari na cha kazi. Labda unapiga kasia kwenda Musira, au unavua karibu na Bumbire, Ikuza au Goziba. Pande zote ni maji. Lakini maji ya ziwa, hata yakiwa maangavu, yanaweza kuwa na vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Kiu ikizidi, mtu huyanywa tu. Kwa hiyo, chukua maji salama kutoka nyumbani.

Si lazima ununue chombo. Dumu la lita 5 lililokuwa na mafuta ya kula linafaa, kama lina kifuniko. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Ndoo ya wazi haifai, kwa sababu mawimbi hurusha maji ya ziwa ndani yake.

Kwanza jiulize: dumu hili lilikuwa na nini? Kama lilikuwa na dawa ya kunyunyizia mibuni, dawa ya kuogeshea ng'ombe, mafuta ya taa au petroli, usilitie maji ya kunywa kamwe. Kuliosha hakutoshi, maana sumu hunywea katika plastiki. Dumu la dawa litoboe, mtu mwingine asije akalitumia. Kama hujui lilikuwa na nini, liache.

Fanya hivi:

1. Osha dumu kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Tia changarawe safi, tikisa, kisha suuza mpaka harufu iishe.
2. Chemsha maji. Yakishatokota kwa dakika moja, yaepue, yafunike yapoe, ndipo uyamimine katika dumu.
3. Kaza kifuniko. Funga dumu mtumbwini kwa kamba, mbali na mafuta.
4. Unapokunywa, mimina katika kikombe safi. Usitumie kopo la kutolea maji yaliyoingia mtumbwini.

Mtu anayepiga kasia kutwa juani anahitaji lita 3 hivi. Pima kabla ya kuondoka, si mkiwa katikati ya ziwa.

Maswali

1. Kwa nini ndoo ya wazi haifai mtumbwini?
2. Taja madumu mawili yasiyofaa kutiwa maji ya kunywa. Kwa nini hayafai?
3. Wavuvi watatu wanakwenda ziwani kutwa. Wachukue madumu mangapi ya lita 5?
4. Angalieni madumu yaliyoko nyumbani kwenu. Lipi linafaa?