Je, nilipie Sublime Text?

Swali: Ninajifunza kuandika programu. VS Code ni ya bure. Kuna haja ya kutoa dola 99 kununua Sublime Text?

Jibu: Kwa anayejifunza, hapana. Microsoft inaitoa VS Code bila malipo tangu 2015, na kusaka hitilafu au kutumia Git vimo humo humo. Hoja ya Sublime Text ni wepesi. Imeandikwa kwa C++, ilhali VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani hubeba ndani yake injini nzima ya kivinjari, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 huuhisi mzigo huo, hasa Chrome nayo ikiwa wazi. Hapo bei huanza kuwa na maana. Wanaosema kulipa ni kutupa pesa siwaafiki: leseni yake binafsi hununuliwa mara moja, huja na masasisho ya miaka 3, na muda huo ukiisha toleo ulilonalo huendelea kufanya kazi. Kama kompyuta yako inalemewa, ijaribu sasa. Watengenezaji hawajaweka ukomo wa muda wa majaribio. Ukianza kulipwa kwa kazi unayoifanya nayo, walipe.