Maji Katika Tangi la Ndege Ni Hasara Mfukoni

Mwenye hisa katika ndege ndogo ya injini ya pistoni hupata hasara kila siku ndege isiporuka. Januari 2000, maelfu ya ndege hizo zilizuiwa kuruka Australia baada ya petroli kutoka kiwandani na mabaki ya kemikali yaliyoacha uchafu wa kunata katika mifumo ya mafuta.

Mara nyingi, hata hivyo, adui ni maji. Huingia kupitia kifuniko chenye mpira uliochakaa, au kwa unyevu tangi likilala nusu tupu. Kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini. Kabla ya safari, rubani hukinga sampuli chini ya kila tangi na kwenye chujio. Petroli aina ya 100LL ni ya buluu. Maji hujitenga chini ya chombo. Sampuli ikiwa maji matupu haitaonyesha mstari wowote, na mwenye haraka ataiona safi! Isiyo na ubuluu itiliwe shaka.

Mafuta ya ndege za jeti yakichanganywa kwa makosa, tone lake kwenye karatasi nyeupe huacha doa. Petroli halisi hukauka. Maji yakiendelea kutoka baada ya kukinga mara kadhaa, fundi aitwe na safari iahirishwe, hata kama shehena ni samaki wabichi.