Neno «mfadhili» na andiko la utafiti: somo kutoka Butembo

Madaktari vijana wanne wa Butembo waliniletea andiko lao la kuomba ruzuku ya utafiti, nilisahihishe lugha. Sarufi haikuwa mbaya. Kilichonisumbua ni mpangilio: kurasa tatu za mwanzo zilieleza shida za wagonjwa wao, na swali la utafiti lilijitokeza ukurasa wa nne. Nilipouliza sababu, mmoja alijibu: «Mfadhili lazima kwanza aone tunavyoteseka.»

Jibu hilo linatuhusu sisi wa isimu. Mfadhili hutokana na fadhili, yaani wema anaotendewa mtu bila kuudai. Nalo huandamana na kitenzi kuomba: tunaomba Mungu, tunaomba chumvi kwa jirani, tunaomba ruzuku. Anayeomba fadhili hueleza dhiki yake. Lakini ruzuku ya utafiti haigawiwi hivyo.

Tuchukue NIH, taasisi za afya za Marekani. Kwa kawaida andiko husomwa kwanza na watafiti wasiopungua watatu, ambao si wenye fedha bali ni wanataaluma kama waandishi wenyewe. Kila mmoja hutoa alama kuanzia 1 hadi 9. Takriban nusu ya maandiko, yale yaliyoonekana dhaifu, hayajadiliwi kikaoni. Yanayobaki hujadiliwa, wanajopo wote hupiga alama, na wastani huzidishwa mara 10. Kisha baraza la pili hupitia, na mkuu wa taasisi husika huamua kwa kutazama pia bajeti na vipaumbele. Hivyo hata alama nzuri si ahadi ya fedha.

Hapa pana mitego miwili ya maana. Wa kwanza ni alama: shuleni kwetu 80 ni furaha, lakini kule 10 ndiyo bora na 90 ndiyo mbaya kabisa. Wa pili ni «kutojadiliwa», ambako wengi husikia «kukataliwa». Mwandishi hupata maoni ya wasomaji wake hata hivyo, na anaweza kulirudisha andiko lililorekebishwa ndani ya miezi 37.

Niliwakumbusha jaribio lililoanza Beni Novemba 2018 wakati wa Ebola, likiongozwa na INRB ya Kinshasa pamoja na NIH, kwa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Dhiki ya Beni ilijulikana na wote. Jaribio, hata hivyo, lilisimama juu ya swali moja linalopimika: kati ya dawa nne, ipi inapunguza vifo ndani ya siku 28? Agosti 2019 jibu lilikuwa wazi kiasi cha kusimamisha dawa mbili na kuendelea na mbili zilizookoa zaidi. Dhiki ilionyesha kwa nini swali ni muhimu; haikuchukua nafasi ya swali.

Napendekeza basi tuseme mgharamiaji, anayebeba gharama ya kazi iliyopimwa, badala ya mfadhili. Na andiko la utafiti badala ya ombi. Neno jipya halitaleta fedha, ila linamkumbusha mwandishi anayeandikiwa ni nani.

Wale wanne wamelipeleka swali ukurasa wa kwanza. Shida za wagonjwa zimebaki na aya moja, nayo sasa inaeleza kwa nini swali hilo liulizwe Butembo. Andiko limetumwa; tunangoja alama, na safari hii tunajua kuzisoma.