Nguvu Hizi ni za Nani? Vijana wa Vyuo, Jimu na Nia Iliyo Nyuma ya Jasho



Wapendwa wasomaji, likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulikuwa Ifakara. Ifakara ni mji wa baiskeli. Jioni, jua likielekea milima ya Udzungwa, barabara hujaa wakulima wanaorudi kutoka mashambani, kinamama wenye ndoo za samaki, na wanafunzi wa vyuo vya afya wanaotoka madarasani na wodini. Miongoni mwa wanafunzi hao lipo kundi lisilokwenda bwenini moja kwa moja. Linaelekea jimu.

Msifikirie ukumbi wa hoteli kubwa ya Dar es Salaam. Jimu tuliyoizoea ni chumba cha bati chenye mabenchi mawili ya mbao, vyuma vichache vya dukani, na vingine vya kienyeji: makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Ukutani pana kioo kirefu, na muziki unapigwa kwa sauti ya juu. Humo ndimo vijana "wanapopiga tizi", kama wanavyosema wenyewe.

Jumapili moja baada ya Misa, mzee mmoja wa parokia alitushika mkono akasema, "Mafrateri, semeni na hawa vijana. Siku hizi wanaabudu miili yao." Tuliitikia upesi, maana hotuba tulikuwa nayo tayari kichwani. Lakini katika somo la maadili tumefundishwa kwamba huwezi kulipima tendo vizuri kabla ya kujua mtendaji analitenda kwa lengo gani. Basi, kabla ya kuhubiri, tukaenda kuuliza.

1. Tuliyoyasikia

Hatukwenda kuhesabu watu. Tulikaa kwenye benchi jioni kadhaa, tukasikiliza. Sababu walizotupa vijana zinaingia katika makundi manne.

Kwanza ni afya. Anayesomea udaktari hukutana kila siku na wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari. Anaona haya kuwahimiza wafanye mazoezi ilhali yeye hushinda kwenye kiti. Anajua kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Pili ni utulivu wa akili. Mitihani inakaribia, fedha za kujikimu zimechelewa, nyumbani kuna mgonjwa. "Nikishika chuma, kichwa kinanyamaza," alituambia mmoja.

Tatu ni wenzao. Kijana aliyetoka mbali na asiyejua mtu chuoni hupata jimu mwenzake wa kumshikia chuma kisimwangukie kifuani. Urafiki wa namna hiyo haufi haraka.

Nne ni mwonekano, na hapa sauti zilishuka. Wavulana wanataka kifua kipana, wasichana wanataka kiuno. Kila mmoja anajilinganisha na picha za kwenye simu. Lakini tulipouliza zaidi, tuligundua kwamba wengi hawakuanza kwa kujipenda kupita kiasi. Walianza kwa kuchekwa.

Kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa mpunga wa upande wa Mngeta, aliugua malaria kali mwaka wake wa kwanza akakonda sana. Aliporudi kusali nasi, watu wakamwita kimbaumbau. Wengine wakanong'ona kwamba "ana ngoma", yaani ana virusi vya UKIMWI. "Nilianza jimu ili wanyamaze," alisema. Kisha akatutazama. "Na nyinyi mafrateri mlikuwapo siku ile mlangoni mwa kanisa. Mlicheka."

Tulikumbuka. Ilikuwa kweli.

Sauti ya mwisho ilikuwa ya dada anayesomea uuguzi. "Wodini nageuza wagonjwa wazito kuliko mimi. Muhula mzima mgongo uliniuma. Nakuja hapa ili nimwinue mgonjwa bila kumwangusha na bila kujivunja." Huja alfajiri, kwa sababu jioni macho ya wanaume hayampi nafasi. Na kanisani ameshaambiwa kwamba vyuma si vya wasichana.

2. Tendo moja, malengo mengi

Kwa mtazamaji wa nje, watu hao wote wanafanya jambo moja: wananyanyua zege. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia kuona tofauti. Anafundisha kwamba matendo ya kibinadamu hupata sura yake kutokana na lengo. Anayetoa sadaka kumsaidia maskini na anayetoa ili asifiwe wametoa fedha ileile, lakini kimaadili hawakufanya tendo lilelile. Vivyo hivyo jimuni: huyu anatafuta afya, huyu rafiki, huyu kinga dhidi ya dharau, na huyu nguvu za kuhudumia.

Wataalamu wa saikolojia Edward Deci na Richard Ryan nao wametofautisha msukumo wa ndani na msukumo wa nje. Anayefanya jambo kwa kuwa analifurahia na anaona thamani yake hudumu nalo. Anayesukumwa na aibu au hofu ya macho ya watu hudumu kwa shida, na hata akidumu hana amani. Kijana wetu wa Mngeta alikwisha kunenepa kifua, watu walikwisha kunyamaza, lakini bado alikuwa anajipima kwenye kioo kila siku. Waliomcheka wameshasahau, yeye anaendelea kuwajibu.

3. Kipimo cha katikati

Wanafunzi wa falsafa tusijidai kwamba jimu ni jambo geni kwetu. Akademia, mahali alipofundisha Plato kule Athene, palikuwa na uwanja wa mazoezi, na Likeo ya Aristotle vilevile. Plato, katika kitabu cha tatu cha *Jamhuri*, anaonya pande zote mbili: anayeshughulika na mazoezi ya mwili peke yake huwa mkali na mgumu, na anayeishi kwa muziki na masomo peke yake huwa laini kupita kiasi. Onyo la kwanza ni la vijana wa jimu. La pili tulipokee sisi wa vitabu.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha *Maadili ya Nikomako*, anapotaka kueleza fadhila anaanza na mfano wa mazoezi: yakizidi huharibu nguvu, na yakipungua huharibu nguvu. Tena kipimo cha katikati si kimoja kwa wote. Anamtaja Milo, bingwa wa mieleka: chakula kinachomtosha Milo ni kingi mno kwa anayeanza. Mmoja wetu alilisahau fundisho hilo. Jioni ya kwanza alitaka kulingana na wenyeji, na kesho yake katika sala ya asubuhi mkono ulikataa kupanda kufanya ishara ya msalaba.

Mwili wenyewe unamuunga mkono Aristotle. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika, baada ya kazi. Asiyelala na asiyekula vizuri anajichosha tu. Na chakula chake si lazima kitoke kwenye kopo la unga wa bei kubwa. Maharage, mayai, dagaa na samaki wa mto Kilombero vina protini ya kutosha. Wanaoshawishiwa kutumia dawa za homoni ili wakue upesi wajue kwamba dawa hizo zinaweza kuharibu ini na moyo, na kumfanya mwanaume akose uwezo wa kuzaa. Kununua kifua kwa kuuza ini ni biashara ya hasara.

4. Kioo na sifa

Je, kutaka kuonekana vizuri ni dhambi? Thomas hakukimbilia kusema ndiyo. Anaeleza kwamba kutaka sifa si kosa lenyewe; kosa ni kutaka sifa ya bure. Sifa huwa ya bure kwa njia tatu: kwa upande wa kitu kinachosifiwa, kama hakipo au hakistahili; kwa upande wa wanaosifu, kama hukumu yao haina uhakika; na kwa upande wa anayesifiwa, kama haielekezi sifa hiyo kwenye lengo jema, yaani utukufu wa Mungu au wokovu wa jirani.

Tuipime picha moja tu ya simu. Je, kifua hicho ndivyo kilivyo, au ni mwanga na pozi? Wanaobofya kukisifu wananijua, au kesho watamsifu mwingine? Na nikishasifiwa, nani amefaidika? Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

5. Imani yetu na mwili

Pengine tukifika hapa msomaji anangoja tuseme mwili si kitu, roho ndiyo kila kitu. Hiyo si imani ya Kanisa. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu na kwamba wamtukuze Mungu ndani yake (1Kor 6:19-20). Katika barua hiyohiyo anajilinganisha na mwanariadha anayejizuia kwa ajili ya taji (1Kor 9:24-27). Kwa Timotheo anakiri kwamba mazoezi ya mwili yana faida, ingawa ndogo ukilinganisha na utauwa (1Tim 4:8). Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaziweka pande hizo pamoja: uhai na afya ni zawadi za Mungu za kutunzwa (na. 2288), lakini mwili usifanywe sanamu ya kuabudiwa (na. 2289).

Basi lipo swali moja la kutofautisha hekalu na sanamu: nguvu hizi ni za nani? Sanamu hutolewa sadaka. Hekaluni sadaka hutolewa kwa Mungu. Paulo anatusihi tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai (Rum 12:1). Mwili unaotolewa unaweza kuwa mwembamba au mnene, mzima au mgonjwa. Dada yule wa uuguzi, anapomgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, yuko karibu na altare kuliko anavyojua.

Mama mmoja wa Mbingu alitufundisha hilo kwa utani. "Mwanangu analipa hela kubeba zege," alisema, "na mimi nalipa kibarua kunibebea mpunga." Tulicheka wote, naye akiwamo. Lakini swali limebaki: nguvu zinazopatikana mjini zinarudi nyumbani lini? Kijana wetu wa Mngeta alikwenda likizo wakati wa mavuno. Alirudi akasema alibeba magunia ya mpunga siku nne, na babake, ambaye mgongo umechoka, alikaa kivulini kwa mara ya kwanza. "Siku hizo sikutafuta kioo," alisema.

6. Deni letu

Tulimrudia mzee wa parokia. Tulimwambia kwamba wapo vijana wanaoabudu mwili, kweli, na wanahitaji kuonywa. Lakini wapo waliokimbilia jimu wakitafuta hifadhi kutokana na midomo yetu. Tunamwita huyu kimbaumbau, yule bonge, kisha tunashangaa wakiingia vyumbani wakijipima. Tunamshuku aliyekonda kana kwamba kuishi na virusi ni fedheha, na kwa hilo tunawajeruhi watu wawili: aliyezushiwa, na ndugu yetu anayeishi na virusi kweli ambaye amesikia tunavyocheka. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilidhani ni utani." Sisi pia tulidhani hivyo.

Tulimwomba kijana yule msamaha, sisi watatu, palepale kwenye benchi. Alitusamehe, akatupa chuma kidogo kuliko cha jioni ya kwanza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kijana, endelea na mazoezi, ila kila wiki nguvu zako zimfikie mtu mmoja: mgonjwa, mzazi, jirani mjane mwenye kuni za kupasua. Mwanaparokia, salimia watu bila kutaja uzito wao. Nasi waseminari tufunge vitabu kwa muda kila siku tukatembee, tukakimbie, tukalime, kwa sababu padre asiyejitunza atachoka mapema katika vigango vya mbali vya bonde hili.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya ndogondogo, VIWAWA, TYCS na TMCS

1. Kama hakuna mtu atakayeniona, je, ningeendelea na mazoezi ninayofanya? Kwa nini?
2. Ni nani aliyefaidika na nguvu za mwili wangu wiki hii?
3. Ni neno gani kuhusu mwili wa mtu nimelisema kwa utani, na ni nani ninayepaswa kumwomba msamaha?